Nilivyoogopa kuambiwa makosa yangu kazini, mpaka mgonjwa wangu akanificha kidonda

Wakuu, hamjambo nyote, wa pwani na wa bara.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, miaka sasa. Kilichonitoa ni ule uzi wa juzi wa mwenzetu aliyelalamika kwamba bosi wake anamkosoa kupita kiasi. Majibu mengi yalikuwa ya kumwambia atafute kazi kwingine.

Nikasoma, nikafunga simu, lakini moyo haukutulia. Yangu mimi yalikuwa kinyume. Mimi hakuna aliyekuwa akinikosoa, na hilo ndilo lililoniponza.

Haya ni yaliyonipata mimi mwenyewe. Majina nimeyabadilisha, na mahali pa kazi sitapataja. Mengine yote nayaandika kama yalivyokuwa, hata yale ya kuniaibisha.

Niiteni Dama. Nina miaka ishirini na tisa, kwetu ni Kaloleni, lakini nakaa Ziwa la Ng'ombe. Kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia, kwenye karakana ndogo upande wa Bombolulu.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe iko hivi. Mtu aliyekatwa mguu hubaki na kigutu. Tunakizungushia plasta mbichi kupata umbo lake, kisha kwa umbo hilo tunatengeneza kikombe cha plastiki ngumu ambamo kigutu kitaingia. Kikombe hicho tunakiita soketi. Chini yake ndipo tunafunga bomba na wayo.

Wayo hununuliwa, bomba hununuliwa. Soketi ndiyo kazi ya fundi. Ikikosewa kidogo tu, mfupa unagonga plastiki kila hatua, na mtu mwenye sukari huenda asisikie maumivu mpaka ngozi imeshaharibika.

Kumbukeni hilo la sukari.

Sasa niwaambie ugonjwa wangu mimi.

Nikiwa chuoni, mwalimu mmoja aliinua soketi yangu mbele ya darasa zima na wagonjwa wawili, akauliza nani ametengeneza sufuria hii. Watu wakacheka. Nikaitwa Sufuria mpaka namaliza masomo. Mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini tangu siku ile, mtu akishika kazi yangu mkononi na kunyamaza, tumbo langu hukaza kama nimemeza jiwe.

Kwa hiyo nilipoajiriwa, nilijifunza kujificha bila kuonekana najificha.

Karakanani kwetu kuna fundi mkubwa anaitwa Kazungu. Ni mtu wa makamo, yeye mwenyewe anavaa mguu wa bandia tangu utotoni. Hana maneno ya kupamba. Kitu kibaya atakwambia ni kibaya, kisha ataendelea kupiga msasa kama hakusema kitu.

Mimi nilikuwa nasubiri Kazungu aende kula ndipo nitoe soketi yangu kwenye kalibu, lile umbo la plasta. Kazi za kumaliza nilizipanga Ijumaa mchana, wakati msimamizi wetu, Bi Saumu, yuko kwenye vikao.

Na nilikuwa na swali langu moja. Namvalisha mtu mguu, anapiga hatua mbili tatu, namwuliza: "Iko sawa, eh?" Huku mimi mwenyewe nimeshaanza kutikisa kichwa kukubali, na natabasamu.

Nani angenijibu si sawa? Watu wetu wa pwani mnawajua. Mtu amekupokea vizuri, amekuita mama, amekuita bi, umvunje moyo kwa nini? Wote walinijibu iko sawa, ahsante, Mungu akubariki.

Nikawa nahesabu zile dua kama ndizo maoni kuhusu kazi yangu.

Na ikitokea mtu amesema neno, sababu ninazo tayari. Plasta ya safari hii ilikuwa ya zamani. Oveni inapasha upande mmoja. Mgonjwa hakukaa kimya wakati wa kupimwa. Bi Saumu hata hajamaliza sentensi, mimi nimeshamjibu.

Niliajiriwa kwa probation, yaani majaribio, ya miezi sita. Haya ninayosimulia yalitokea mwezi wa tano.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kisauni, nitamwita Bi Mwanaisha. Mtu mzima, mjane, muuzaji wa mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya nyumba yake. Sukari ilimkata mguu wa kulia chini ya goti. Kazi yake ni ya kusimama: kukanda, kukaanga, kuhudumia watu. Alikuja kwetu akisema hataki kitu kingine duniani ila asimame mbele ya karai lake.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Ana maneno matamu, anacheka hadi machozi. Alikuwa akiniita mwanangu.

Mguu wake niliutengeneza mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Fomu yetu ina nafasi mbili za sahihi: ya fundi, na ya mtu wa pili aliyeikagua soketi kabla mgonjwa hajaondoka nayo. Siku ile Kazungu alikuwepo, hatua kumi kutoka kwangu. Nikajiambia nitamwita baadaye kidogo. Baadaye kidogo haikufika. Nikaweka sahihi yangu, ile ya pili nikaiacha tupu, nikajiambia nitaijaza wiki ijayo.

Bi Mwanaisha akatembea mara tatu katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia. Nikamwuliza swali langu. Akasema, "Iko sawa mwanangu, alhamdulillahi." Akanishika kichwa, akaniombea. Akaenda zake.

Alitakiwa arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Nikampigia, akasema yuko salama, mguu hauna neno, ila ana shughuli. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa anaendelea vizuri.

Wakuu, nilipoandika hivyo nilifurahi kwamba hakurudi. Nasema ukweli niliouahidi.

Zikapita wiki tatu nyingine. Ijumaa moja alasiri, naosha mikono ya plasta, simu ikaingia ujumbe kutoka kwa Bi Saumu.

"Jumatatu saa nne tuonane ofisini. Njoo na faili la Bi Mwanaisha wa Kisauni."

Basi. Hakuna salamu, hakuna sababu.

Niliusoma mara kumi. Nikaanza kutafuta hasira kwenye nukta. Nikamwandikia "Sawa Bi Saumu, kuna tatizo?" nikafuta. Nikaandika "Sawa" peke yake, nikaona kama jeuri, nikafuta. Mwisho nikatuma "Sawa Bi, inshallah," mimi Mkristo wa kuimba kwaya.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nahesabu. Amejua sahihi haipo. Mama amelalamika. Mwezi mmoja umebaki, nafukuzwa. Kwetu Kaloleni wameshaambiwa mtoto ni fundi, nitarudi niseme nini? Dadangu alinipigia kuhusu mambo ya harusi ya binamu yetu, nikamjibu ndio, ndio, bila kusikia hata neno.

Jumamosi asubuhi sikuweza kukaa. Nikaamua niende kwa Bi Mwanaisha mwenyewe. Nia yangu haikuwa safi kama mnavyofikiri. Nilitaka nisikie kutoka mdomoni mwake kwamba mguu ni mzuri, ili Jumatatu nikaseme nimemtembelea na anausifu.

Nilimkuta barazani, amemaliza kuuza. Amekaa kwenye kigoda, leso imetandazwa mapajani mpaka chini. Magongo yameegemezwa ukutani nyuma yake.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba kwa furaha, akanitilia mahamri mawili yaliyobaki. Nikauliza mguu uko wapi.

"Uko ndani, nimeupumzisha," akasema. "Leo kuna joto."

Nikauliza kama unamsumbua. Akasema la, mguu hauna neno, mguu mzuri sana.

Wakuu, kifua changu kikafunguka. Nilikula hamri la kwanza kwa raha. Nilikuwa nimeshapata nilichokifuata. Nikaanza kuaga.

Aliposogea anisindikize kwa macho, ile leso ikateleza. Kigutu kilikuwa kimefungwa kitambaa kilichochanwa kutoka leso ya zamani, na kwa mbele, pale chini ya mfupa wa muundi, kitambaa kilikuwa kimelowa.

Ningeweza kuondoka. Yeye mwenyewe alivuta leso haraka akaanza kuuliza habari za kazi. Sote wawili tungejifanya hatujaona.

Nikakaa tena chini. Miguu yenyewe ndiyo iliyokaa, maana kichwani bado nilikuwa natafuta maneno ya kuagia.

Nikamwambia, "Bi, nionyeshe."

Akasema si kitu. Nikamwambia tena. Akaanza kukifungua kile kitambaa polepole.

Kidonda kilikuwa na upana wa kifuniko cha soda. Hakikuwa cha jana.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu wiki ya pili. Kwanza aliona wekundu usioondoka, halafu lengelenge, halafu hivi. Aliacha kuuvaa. Siku nilipompigia simu alikuwa ameshauweka nyuma ya kabati.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka kama ya kumgombeza, na ninajuta mpaka leo.

Akaangalia mikono yake.

"Nilikuona siku ile ulivyofurahi," akasema. "Uliponiuliza iko sawa, ulishajijibu mwenyewe. Na nilisikia pale kwamba bado hujaandikwa kazi kamili. Sikutaka ufukuzwe kwa ajili yangu."

Mama mwenye sukari, aliyekwisha kukatwa mguu mara moja, alikaa na kidonda wiki tatu ili mimi nisiambiwe kwamba nimekosea.

Nikaita tuktuk, tukaenda zahanati ya karibu. Muuguzi alisafisha kile kidonda, akasema bado hakijafika mfupani, lakini kingeendelea hivyo wiki chache tungekuwa tunaongea habari ya kukatwa tena, juu zaidi. Kisha akauliza, nani aliyetengeneza huo mguu?

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mkoba wa Bi Mwanaisha. Nikainama, nikajifanya nafunga zipu yake.

Bi Mwanaisha akajibu, "Ni mafundi wa mbali. Humjui."

Kuna aibu ya kuchekwa na darasa, na kuna aibu ya kukingwa na mtu uliyemuumiza. Hizo mbili hazilingani hata kidogo.

Nilimrudisha kwake, akautoa ule mguu nyuma ya kabati, nikarudi nao nyumbani ndani ya mfuko.

Mngedhani hapo nimeshaamka. Hapana. Hofu ni kitu kibishi. Jumapili nimekaa kanisani, na badala ya kusikiliza nilikuwa napanga hivi: Jumatatu niingie mapema kabla ya watu, nichukue faili, nijaze ile sahihi ya pili kwa herufi za Kazungu. Ni herufi mbili tu. Halafu kosa litakuwa la watu wawili.

Jumatatu saa moja kasoro nilikuwa langoni, na ule mfuko mkononi. Nikachukua faili, nikakaa mezani, kalamu mkononi.

Kumbe Kazungu alikuwa ameshafika. Alitokea chumba cha plasta na kikombe cha chai.

"Umewahi," akasema. Akaona faili. "Yule mama wa mahamri anaendeleaje?"

Sijui kwa nini nilimjibu kweli. Labda nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Ana kidonda."

Hakupiga kelele. Aliweka chai chini, akanyoosha mkono. "Lete soketi."

Nikaitoa kwenye mfuko. Akaingiza mkono wake ndani, akafumba macho, akawa anapapasa kama anatafuta kitu gizani. Haikufika dakika moja.

"Hapa," akasema. "Ncha ya mfupa inashukia hapa, na hukuiachia nafasi. Ungeniita."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaniambia ni mbaya."

Akanitazama. "Ilikuwa mbaya," akasema. "Na mimi kukwambia au kutokwambia hakungeigeuza."

Kisha akachukua chai yake. Alipofika mlangoni akasema yeye hatapeleka maneno ofisini, kama ni kusema nitasema mwenyewe. Akaenda.

Nikaifunga ile kalamu.

Saa nne nikaingia kwa Bi Saumu, nimekumbatia faili kama ngao. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nikamkuta anatabasamu.

Akanikaribisha kiti. Akasema kuna wageni wanakuja kuona kazi yetu, na wameomba mgonjwa mmoja aliyefanikiwa aje aongee nao. Yeye akamkumbuka yule mama mchangamfu wa Kisauni, ndiyo maana akataka faili, aone maendeleo yake.

Ndiyo hiyo ilikuwa sababu. Siku tatu nilikuwa nakufa kwa ujumbe wa kunisifu.

Na sasa mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema mama anaumwa, achague mwingine. Angekubali. Probation yangu ingeisha baada ya wiki nne, nikaandikwa kazi.

Nikamwambia Bi Saumu nina jambo, na ninaomba aniache nimalize kabla sijakosa nguvu. Nikasema yote. Soketi, sahihi tupu, simu niliyopiga nikafurahi kusikia nilichotaka, kidonda, zahanati, jibu la Bi Mwanaisha kwa muuguzi. Hata ile ya kalamu ya asubuhi nilisema, ingawa hakuna aliyeiona.

Lile tabasamu lilikuwa limeshaondoka. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu.

Alianza na mgonjwa. Nani anamwona, lini anarudi kufungwa dawa, sukari yake iko vipi. Akapiga simu mbili pale pale. Ndipo akanigeukia.

"Dama, nikwambie kitu, na usinijibu. Miezi yako miwili ya kwanza nilikuwa nakwambia mambo. Kila nikianza, wewe umeshanijibu. Nikachoka, nikaacha. Nikasema labda anajua. Hilo ni kosa langu pia, msimamizi hapaswi kuchoka. Lakini wewe ulitufundisha sote tunyamaze."

Nilikuwa na jibu. Wallahi lilikuwa limefika kwenye ulimi, kwamba Kazungu mkali, kwamba chuoni walinifanya hivi na hivi. Nikalimeza. Ndiyo kazi ngumu zaidi niliyofanya mwaka ule.

Hukumu yake ilikuwa hivi. Probation inaongezwa miezi mitatu. Mwezi mzima sishiki kigutu cha mtu bila Kazungu kuwa kando. Mimi na yeye Bi Saumu tunaenda Kisauni kumwomba Bi Mwanaisha radhi. Na kila Alhamisi, dakika kumi, nitamwuliza mtu mmoja karakanani kuhusu kazi moja niliyofanya wiki ile, niandike jibu kama lilivyosemwa, nisijitetee.

Nilitoka sijui kama nimeokoka au nimeadhibiwa. Nikaingia chumba cha plasta nikalia. Kisha nikanawa, maana kulikuwa na kazi.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda kwa Kazungu na daftari. Nikamwuliza, "Unaonaje kazi yangu?"

Akaniuliza, swali gani hilo, amjibu nini mtu anayeuliza hivyo? Akaendelea na msasa wake.

Nikarudi kwenye benchi nimeumia. Nikakaa, nikafikiri. Kweli, swali lile halikuwa na mahali pa kushika. Lilikuwa lile lile la "iko sawa, eh?" limevaa nguo nyingine.

Baada ya chai nikarudi na soketi mkononi. Nikamwuliza, "Hapa ukingoni nyuma ya goti, wewe ungekata wapi?"

Wakuu, yule mtu aliongea nusu saa. Mtu niliyedhani hana maneno. Alivua mguu wake mwenyewe akanionyesha alama za soketi mbaya alizovalishwa akiwa mtoto, moja moja, na kila alama akaniambia fundi alikosea nini. Nilijaza kurasa mbili.

Siwadanganyi kwamba nilizoea. Kuna Alhamisi niliandika huku herufi sizioni vizuri kwa machozi, kwa mfano ile Kazungu aliponiambia mikono yangu ina haraka ya kumaliza kuliko ya kupatia. Ilinikaa wiki nzima hiyo. Nilijaribu kuikataa, ikakataa kukataliwa.

Na si kila alichosema kilikuwa kweli. Kuna siku alinilaumu nimeweka wayo umegeukia nje. Nilikuwa na hakika. Lakini badala ya kubishana nikamwomba tumsimamishe mgonjwa tumtazame pamoja. Akatazama, akasema, "Hii uko sahihi wewe." Basi. Hakuna aliyekufa.

Kumbe kukubali kusikiliza si kukubali kila kitu. Mimi siku zote nilidhani ni kitu kimoja.

Kidonda cha Bi Mwanaisha kilichukua wiki saba kupona. Siku tuliyokwenda kumwomba radhi, aliona haya kuliko sisi. Aliendelea kusema basi, yamekwisha, kunyweni chai. Bi Saumu akamwambia kwa upole kwamba tumekuja kumwomba jambo moja zaidi: safari ijayo asitufiche.

Mimi nikamwambia, "Bi, nikifukuzwa nitafukuzwa kwa ulichonificha, si kwa ulichoniambia."

Akacheka hadi machozi, lakini niliona limemwingia.

Mguu wa pili niliutengeneza Kazungu akiwa bega kwa bega na mimi. Siku ya kujaribu sikuuliza kama iko sawa. Nilimpa penseli ya rangi, nikamwambia, "Vua, unitilie alama pale panapokubana kuliko pengine pote." Si kama panabana. Wapi.

Akatazama ile penseli. Akamtazama Kazungu. Halafu akatia alama nyuma ya goti, ndogo sana, kama anayeiba.

Nikarekebisha, tukarudia. Alama ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mara ya nne hakunisubiri nimwulize. Ilipofika mara ya sita alikuwa ananielekeza kwa kidole kama anavyoelekeza mtu kukata unga: hapa punguza, hapa acha, hapo usiguse.

Tulichelewa kula mchana wote watatu. Kazungu akaingiza mkono ndani, akafumba macho. Jiwe langu la tumboni lilikuwepo, kama kawaida. Akatoa mkono, akachukua fomu, akaweka sahihi yake kwenye ile nafasi ya pili.

Ile miezi mitatu ya nyongeza ilipoisha, niliandikwa kazi. Sasa ni mwaka na kitu.

Nilichojifunza nitakisema kwa ufupi, maana mimi si mtaalamu wa mambo haya.

Watu wakinyamaza kuhusu kazi yako, usifurahi haraka. Jiulize kama umewapa nafasi ya kusema. Ukiuliza swali linalojijibu, utapewa jibu ulilolileta wewe. Uliza jambo moja dogo linaloshikika. Mtu akianza kusema, funga mdomo mpaka amalize, andika, kisha lala nalo siku moja kabla ya kuamua kama ni kweli. Na hofu haiondoki. Mimi bado ninayo. Ila sasa naenda nayo kuuliza, badala ya kukaa nayo kujificha.

Wiki iliyopita, saa ya chai, simu ikalia. Bi Mwanaisha. Nilipoona jina, hofu ya zamani ikarudi kidogo, mtanisamehe.

Hata salamu hazikuwa ndefu. Akasema, "Mwanangu, huu mguu wako una makosa mawili. Una karatasi hapo?"

Nikamwambia subiri, Bi, nachukua kalamu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Waliowahi kusimamia watu, semeni mnamwambiaje mtu kosa lake bila kumvunja. Waliowahi kuvunjwa, semeni mliinukaje. Na kama kuna mahali nimekosea kwenye haya niliyoyatenda, niambieni wazi. Nitasoma yote kwanza. Kujibu, mpaka kesho.